Theluthi ya Maji Kila Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, jua la Ilemela limepanda juu ya mawe, nami nimepiga magoti sebuleni kwa watu mbele ya tangi la samaki, nikiyatazama maji niliyotoka kuyabadilisha. Yalikuwa maangavu mno. Ungedhani samaki wanaelea hewani. Nilikaa pale nikajipongeza moyoni, nikasema, Masanja, leo umefanya kazi ya kiume. Kumbe nilikuwa nimekwisha kuwaua.

Nitakusimulia taratibu, maana habari za maji hazitaki pupa, na mimi nilichelewa kulijua hilo.

Wakati huo nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, nikiuza katika duka la vifaa vya ujenzi mjini. Nilipanga chumba cha uani kwa mzee mmoja aliyeitwa Mwalimu Bwire, Mkerewe, mjane, aliyekuwa amefundisha biolojia mpaka akastaafu. Nyumba yake ilisimama katikati ya majabali mawili makubwa, na jioni joto lilitoka katika yale mawe polepole, kama pumzi ya ng'ombe aliyelala. Sebuleni kwake, pale ambapo wengine huweka kabati la vyombo vya harusi, yeye aliweka tangi la kioo lenye urefu wa kitanda.

Sijui nikueleze vipi uzuri wake. Ndani mlikuwa na mchanga wa ziwani, mawe yaliyopangwa kama vilima vyetu, na mimea ya majini: mingine mirefu kama utepe, mingine yenye manyoya kama mkia wa paka. Jua likiingia dirishani, majani yalitoa viputo vidogo vya hewa, kimoja kimoja, vikipanda juu kama shanga zilizokatika uzi. Nikirudi kazini nilikuwa nikiketi pale bila kuvua viatu. Kelele za mjini zilinitoka masikioni. Wakati mwingine nilisinzia macho yangu yakiwa wazi, nikajiona natembea chini ya ziwa, napita kati ya mawe, na hakuna anayeniuliza ninakwenda wapi.

Samaki waliokuwamo walikuwa furu. Ninyi wa leo mkisikia samaki wa ziwa letu mnawaza sato, sangara na dagaa. Sisi tulikulia furu, visamaki vyenye miiba mingi ambavyo watoto walivila kwa ugali na kugombania kichwa. Walikuwa wa namna nyingi ajabu, kila mwamba ulikuwa na wake. Kisha sangara wakaongezeka, furu wakapungua, na aina nyingine zikabaki katika midomo ya wazee tu. Hawa wa Mwalimu walitoka kwenye mwamba uliokuwa mbele ya kwao, Ukerewe. Dume alikuwa na rangi ya wino, ubavu mwekundu kama kaa la moto. Majike walikuwa wa kijivu, wapole. Baba yake Mwalimu alikuwa na jina lao kwa Kikerewe. Mwalimu aliniambia, nami nimelisahau, na hilo ni moja ya mambo yanayoniuma.

Mwalimu alikuwa amewatafuta wenzao kila mwalo ambao mitumbwi hutia nanga. Wavuvi walitazama picha aliyoichora kwa mkono, wakatikisa kichwa. Aliamini kwamba hao waliokuwa sebuleni kwake huenda ndio wa mwisho. Basi kila kizazi kilichozaliwa mle kilikuwa kwake kama mjukuu.

Unajua furu jike anavyolea? Hutamia mayai mdomoni. Watoto wakitotolewa hukaa mle mle, naye hali chochote, mashavu yamemjaa kama mtu aliyeshika maji ya kusukutua. Siku Mwalimu alipojiandaa kusafiri kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, tulikuwa na jike mmoja mzee anayezaa vizuri na wengine wachanga. Alinikalisha mbele ya kioo akanifundisha kana kwamba nitafanya mtihani.

Alisema chakula tunachowapa samaki hakipotei. Wanakila, kinatoka kuwa kinyesi, na kile kisicholiwa kinaoza mchangani pamoja na majani yaliyokufa. Vijidudu visivyoonekana, vinavyoishi kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga, vinaumeng'enya ule uchafu hatua kwa hatua mpaka inabaki chumvi inayoitwa naitreti. Naitreti haina rangi wala harufu. Mimea huila kama mahindi yanavyokula samadi, ndiyo maana anaipanda. Na ikikosekana kabisa majani hugeuka manjano. Lakini mimea haimalizi yote. Inayobaki hulundikana, wiki baada ya wiki, na samaki huizoea kidogo kidogo huku ikiwachosha.

"Kwa hiyo kila Jumamosi," akasema, "unatoa theluthi ya maji kwa mpira, unanyonya na taka za mchangani. Unarudisha maji yaliyolala kwenye pipa, yaliyokwisha toka dawa ya bomba. Basi. Hutoi zaidi."

Nikamwambia, maana nilijiona mjanja, kwamba mimea yake imestawi sana, na kwa kijani kile maji hayawezi kuwa mabaya.

Akacheka. "Umeyaona magugu maji kule mtaro wa mjini unapoingilia ziwani? Ni ya kijani kuliko shamba la mtu yeyote. Yanasitawi kwa sababu gani?"

Nikaukumbuka uchafu wa ule mtaro. Alinionyesha vichupa vya matone alivyoletewa na mwanafunzi wake wa zamani aliyesomea mambo ya samaki. Unachota maji kidogo, unatia matone, unatikisa, unasubiri. Yakiwa ya manjano ni salama. Yakielekea rangi ya chungwa, ongeza bidii. Yakiwa mekundu, umelala. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, na maji nayo hujua kuficha.

Akaondoka kwa treni. Wiki za kwanza nilifuata kila neno. Nilipima, nikatoa theluthi, nikarudisha theluthi. Manjano. Nilijiona daktari.

Kisha nikampata binti ng'ambo ya Kamanga. Jumamosi ndiyo siku pekee niliyofunga duka mapema, na kivuko hakimsubiri mtu. Jumamosi ya kwanza nilisema, maji ni safi, nitabadilisha Jumatatu. Jumatatu nikachoka. Jumamosi iliyofuata nilipitisha jicho tu kwenye kioo huku nikichana nywele. Maji yalikuwa maangavu, majani yamejaa, dume anacheza. Ningeona nini? Bandu bandu huisha gogo, mwanangu, na mwenye shoka hasikii gogo likilia.

(Binti huyo, kwa kuwa najua utauliza, alikuja kuolewa na mwingine. Mama yako simpunguzii heshima kwa kulisema.)

Mwalimu alikuwa akipiga simu dukani kwetu. Tajiri wangu aliniita, nami nikashika mkono wa simu nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba, kisha swali lake la kwanza halikuwa la kodi wala la nyumba. Wanaendeleaje? Nikamjibu kwamba wote wazima. Maji unabadilisha? Nabadilisha, Mwalimu. Unapima? Napima, ni manjano. Uongo huo ulinitoka laini kuliko ukweli. Matibabu yake yakachukua muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na kwa kila simu uongo wangu ulizidi kuzoea kinywa.

Siku moja akasema yule jike mzee bila shaka amekaribia kutamia tena. Nilipofika nyumbani nikatazama. Kweli, mashavu yalikuwa yamejaa. Alikuwa amejificha nyuma ya jiwe, ametulia, kama mama aliyefunga mlango.

Ndipo zikaja habari kwamba Mwalimu yuko njiani na atafika Jumapili.

Jumamosi asubuhi niliomba ruhusa dukani, nikapima. Maji ndani ya kichupa yaligeuka mekundu kama juisi ya rozela. Nilikitikisa tena, nikakigeuza, nikakisogeza dirishani, kana kwamba mwanga ungenihurumia.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hapa ndipo lilipo kosa langu, na ni kosa la watu wetu. Sisi tukisikia mgeni anakuja tunasafisha. Nyumba iliyokaa mwaka na utando wa buibui inafagiliwa kwa asubuhi moja, vikombe vinatoka kabatini, watoto wanaogeshwa kwa dodoki mpaka wanalia. Mgeni akifika anakuta kwetu kunang'aa, na sisi wenyewe karibu tunaamini kwamba huwa tunaishi hivyo. Mimi nikalifanyia tangi la Mwalimu usafi wa mgeni.

Nilitoa maji karibu yote. Nikawaacha furu kwenye vidole vichache vya maji, wamelala ubavu ubavu. Nikatoa mawe nikayapeleka uani nikayasugua kwa brashi. Sponji ya chujio, iliyokuwa na utelezi wa kahawia, niliiosha kwa sabuni ya unga mpaka ikawa nyeupe, nikaianika.

Mama Shija, mpangaji mwenzangu, alikuwa uani anakaanga maandazi. Alinitazama muda, kisha akasema, "Masanja, leo unafua samaki?"

Nikamwambia Mwalimu anakuja kesho, nataka akute pasafi.

"Anayesafishiwa nyumba ni mgeni, baba," akasema huku akigeuza andazi. "Huyo ni mwenyewe. Anarudi kuwaona watoto wake, hatazami kama umepiga deki."

Niliona ananitania. Mapipa yalikuwa matupu, maana sikuwa nimeyajaza tangu nilipoanza kuvuka kwenda Kamanga. Bomba lilikuwa limekauka siku kadhaa na asubuhi hiyo maji yalirudi kwa nguvu, meupe kama maziwa, yananukia dawa kama wodi. Nikarudisha mawe na sponji, nikajaza tangi kwa mpira moja kwa moja. Ule weupe ukatulia. Mawe yaling'aa. Na hapo ndipo uliponikuta mwanzoni, nimepiga magoti najipongeza.

Kwa muda mfupi walikuwa wazuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Wakaogelea upesi upesi kutoka pembe hadi pembe. Nilidhani ni furaha. Kisha mmoja akapanda juu akawa anabugia hewa. Wa pili akafuata. Mmoja alizunguka kama jani kwenye maji ya mtaro, akalala mchangani. Nami nikabaki nimekaa, sielewi, kama mtu anayeota na anajua anaota lakini mguu hauinuki.

Yule jike mzee alitoka nyuma ya jiwe. Alikuja mbele ya kioo karibu na uso wangu. Akafungua mdomo na kuwatema watoto wake wote.

Walikuwa wadogo kama mbegu za ufuta, kila mmoja na macho mawili meusi na kitumbo cha manjano. Walitawanyika ndani ya yale maji maangavu, wakishuka polepole, na jua likawapita. Mama yao alijaribu kuwaokota. Alimchukua mmoja, akamtema. Akamchukua tena, akamtema. Nimeishi miaka mingi, nimezika wazazi, lakini mdomo ule mtupu unaofunguka na kufungika bado unanijia nikiwa nimekaa peke yangu barazani.

Nilikimbia kwa majirani kuomba maji yaliyolala, nikapata ndoo mbili. Nikatia. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili asubuhi alikuwa amebaki dume mmoja, ameegemea jiwe, mbavu zinakwenda mbio, wino wake umepauka.

Mwalimu alifika mchana, jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe. Nilipokea mzigo wake mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maneno: umeme ulikatika, pampu ikazimika, si mimi. Yalikuwa tayari kwenye ulimi. Aliomba kiti, akakisogeza karibu na kioo, akatazama kwa lile jicho moja kwa muda mrefu.

"Jike yuko wapi?"

"Amekufa, Mwalimu."

"Alikuwa ametamia?"

"Aliwatema."

Hakugeuka. Ule uongo wa umeme nikauacha, nikamwambia yote: Kamanga, simu, kile kichupa chekundu, sabuni, mpira wa bomba. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze. Nilitamani anifukuze.

Akaniuliza kwa sauti ya darasani, bila hasira, "Ulipoacha kubadilisha maji, uliona dalili gani?"

"Sikuona kitu. Maji yalikuwa safi."

"Hapo ndipo pa kuogopa." Sasa akanigeukia. "Miili yao ilikuwa imeyazoea yale maji mazito. Ungenisubiri nayo hivyo hivyo, Masanja, tungeyapunguza wote wawili. Ndoo leo, ndoo keshokutwa. Wangechoka, lakini wangeishi. Wewe ulitaka kuziosha wiki zote kwa asubuhi moja ili mimi nisijue. Uliniogopa mimi kuliko ulivyowahurumia wao."

Mwanangu, nimepigwa fimbo shuleni, nimetukanwa na matajiri, lakini hakuna neno lililonikaa kama hilo.

Hakunifukuza. Siku iliyofuata aliniita, akasema nilete ndoo moja ya maji yaliyolala. Tukatoa kidogo, tukarudisha kidogo. Baada ya siku mbili tena. Vijidudu vilirudi taratibu kwenye sponji, matone yakatulia kwenye manjano, na dume akapata wino wake. Kisha tukarudi kwenye utaratibu: theluthi kila Jumamosi. Mimi sikuvuka tena Jumamosi.

Wiki moja, nimeshika mpira, nilishindwa kuvumilia nikamwuliza kama inafaa taabu yote hii kwa samaki mmoja asiye na mwenzake, ambaye akifa ndiyo mwisho.

Mwalimu alikuwa anaokota majani yaliyooza. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Aliyebaki naye anavuta maji haya haya."

Dume aliishi miaka mingi. Kila asubuhi jua likiingia alifagia shimo lake mchangani, akalipamba, akatandaza mapezi na kutetemeka mbele ya kivuli cha jani, akiita majike ambao sikumwachia. Mwalimu na mimi tulikuwa tukimtazama. Siku alipokufa, Mwalimu alizima pampu, na nyumba ikawa na kimya ambacho hakijawahi kunitoka. Huko ziwani sijasikia tena mtu aliyewaona. Labda wapo kwenye mwamba fulani usiofikiwa na nyavu. Naliomba hilo kila ninapopita ufukweni, lakini kuomba si kurudisha.

Naona siku hizi vijana mnapenda matangi haya, yenye taa na mimea mizuri, mnayapiga picha mnatumiana. Ni vizuri. Basi nikuusie mimi niliyeharibu. Usiyaamini macho yako peke yao. Maji yanaweza kung'aa na yamejaa naitreti, na mimea inaweza kusitawi juu ya uchafu unaomchosha samaki. Pima. Toa robo au theluthi kila wiki, hata ukiona hakuna haja, hasa ukiona hakuna haja. Rudisha maji yaliyolala au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, yenye joto linalofanana na yaliyomo. Lisha kidogo. Okota majani yaliyokufa kabla hayajaoza. Sponji isuuze kwa maji yale yale uliyoyatoa, usiitie sabuni hata kwa bahati mbaya. Na siku utakapoteleza, maana utateleza, ukakuta kichupa chekundu, usikimbilie bomba. Punguza kidogo, ngoja, punguza tena.

Wala usidhani nazungumzia samaki tu. Niliwahi kukaa miaka bila kwenda kumwona baba yangu, kila mwezi nikisema yu mzima, sijasikia baya. Kisha nikaenda kwa siku moja na gunia la mchele, blanketi, suti na redio, nikamwaga yote miguuni pake. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni. Alichokuwa anakitaka ni kidogo, mara kwa mara, na hicho sikuwa nimekileta. Mke, mtoto, rafiki, Mungu wako, wote ni hivyo hivyo: wanadhurika polepole bila kubadilika rangi, na hawaponi kwa fujo za asubuhi moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema waliotutangulia. Mimi naongeza kwamba ukikuta ukuta umeanguka, usiujenge usiku kucha ili mwenye nyumba asijue. Mwite. Aibu ya kuonekana na maji machafu inapita.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mkono usiochoka kazi ndogo, akupe watu watakaokuuliza wanaendeleaje nawe uwajibu kweli. Na siku utakapokosea, akujalie kulitamka kosa lako wakati waliokabidhiwa kwako bado wanapumua.